Antibiotiki ya Maji kwa Mtoto: Kipimo, Maji na Siku

Maandishi ya mazungumzo ya afya yaliyoandaliwa kwa wazazi na walezi wanaoleta watoto kliniki katika Kaunti ya Kilifi. Yanachapishwa hapa kwa wakazi ambao hawakuweza kufika.



Chupa nyingi za antibiotiki za watoto hutoka kiwandani zikiwa hazina maji. Ndani mna unga mkavu, na ubavuni mwa chupa au kwenye kibandiko mna mstari. Kazi ya mwisho ya kuitengeneza dawa hiyo huachiwa mtu mwingine: mhudumu wa kemisti akiwa na nafasi, au mama aliyesimama jikoni usiku, mtoto analia, mwanga ni wa simu. Hapo ndipo mambo huharibika. Daktari anaweza kuutambua ugonjwa sawasawa na kuandika dawa inayofaa, na bado mtoto akapata nusu ya dawa, au mara mbili yake, kwa sababu ya maji na kijiko.

Kabla ya chupa, kuna swali la kama inahitajika. Mafua na vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi. Antibiotiki, au viuavijasumu kama zinavyoitwa redioni, hazina kazi yoyote kwa virusi. Hupigana na bakteria. Mtoto anayeharisha maji matupu bila damu huhitaji ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, si sirapu ya antibiotiki. Akiharisha damu, hilo ni jambo la kupelekwa kituoni siku hiyo hiyo.

Kichomi, ambacho hospitalini huitwa nimonia, ni habari nyingine. Ndio ugonjwa wa kuambukiza unaoua watoto wengi zaidi wa chini ya miaka 5 duniani, na mara nyingi huhitaji antibiotiki bila kuchelewa. Mhudumu wa afya huhesabu pumzi za mtoto kwa dakika 1 nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka akivuta pumzi mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akivuta mara 40 au zaidi, hiyo ni dalili ya kichomi. Mtoto wa chini ya miezi 2 hatibiwi kwa dawa ya kununuliwa tu, apelekwe hospitali.

Kwa sheria ya Kenya antibiotiki huuzwa kwa cheti cha daktari. Wengi wanajua, na wengi hupita moja kwa moja hadi kemisti kwa sababu zahanati ni mbali au foleni ni ndefu. Sababu hiyo inaeleweka. Lakini kwenye kaunta hakuna anayempima mtoto uzito, na bila uzito hakuna kipimo cha dawa.

Uzito ndio mwanzo wa hesabu. Watoto wawili wa umri mmoja, mmoja wa kilo 9 na mwingine wa kilo 11, wanaweza kuhitaji vipimo tofauti kabisa. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kichomi kwa vidonge vya amoksilini vya miligramu 250, wa kilo 9 huandikiwa kidonge 1 kila mara, na wa kilo 11 huandikiwa 2. Kwa macho watoto hao wanafanana. Kwa hiyo kijitabu cha mama na mtoto kisiachwe nyumbani, kwa kuwa kina uzito wa mwisho, na ndipo pa kuandika dawa iliyowahi kumdhuru mtoto. Mzazi ambaye mtoto wake aliwahi kutoka vipele au kuvimba midomo baada ya penisilini, amoksilini au Ampiclox, aseme hivyo kabla dawa haijaandikwa, hata kama hajaulizwa.

Sasa chupa yenyewe. Kwenye rafu ya kemisti kuna amoksilini za unga zinazofanana kama mapacha. Boksi moja limeandikwa miligramu 125 katika mililita 5, jingine miligramu 250 katika mililita 5. Rangi inaweza kuwa ile ile na ladha ile ile, ila ya pili ina nguvu mara mbili ya ya kwanza.

Chukulia mtoto aliyeandikiwa miligramu 250. Kwa chupa yenye nguvu atakunywa mililita 5. Kwa chupa hafifu itabidi anywe mililita 10 ili apate dawa ile ile. Mwezi Machi mama yake alipewa chupa yenye nguvu akaambiwa mililita 5. Mwezi Juni mtoto anaugua tena, kemisti amebakiwa na chupa hafifu, na mama, kwa kuwa anakumbuka vizuri, anampa mililita 5. Hakuna aliyefanya uzembe, lakini mtoto anapata nusu ya dawa kwa siku zote za matibabu. Kichomi kikikataa kupoa, watu watasema dawa ni bandia. Mambo yakiwa kinyume, alizoea hafifu na sasa ana yenye nguvu, mtoto anapata mara mbili, na tumbo humwendesha mpaka mama anaiachisha dawa njiani.

Kwa hiyo idadi ya mililita haikumbukwi kutoka ugonjwa uliopita. Huulizwa upya kila mara, kwa chupa iliyopo mkononi. Swali ni fupi: "Daktari, kwa chupa hii hii, mililita ngapi, mara ngapi kwa siku, siku ngapi?" Majibu yaandikwe kwenye boksi kwa kalamu. Nukta nazo zisomwe kwa makini, kwa kuwa 2.5 iliyoandikwa kwa haraka husomeka 25, na 0.5 si 5. Asiyesoma aombe sirinji ichorwe mstari kwa kalamu pale dawa inapopaswa kufika. Mhudumu mzuri hufanya hivyo bila kumwona mtu mjinga.

Jambo la pili ni maji. Linalofaa zaidi ni kuomba dawa ichanganywe pale pale kwenye kituo au kemisti, isipokuwa safari ya kurudi ni ndefu na jua ni kali, au kuna chupa zaidi ya moja. Ikichanganyiwa nyumbani, maji yawe yamechemshwa, yakafunikwa na kupoa kabisa. Maji ya moto huiharibu dawa. Maji ya kisima au ya bwawa yasiyochemshwa humrudishia mtoto ugonjwa mwingine kwa njia ya dawa.

Chupa hugongwa-gongwa kwanza kwenye kiganja, ikiwa imefungwa, hadi unga ulioganda chini uachane. Kisha hutiwa maji karibu nusu ya kiasi kinachotakiwa, hufungwa, hutikiswa kwa nguvu hadi pasiwe na madonge. Povu likitulia, huongezwa maji hadi kwenye mstari, na kutikiswa tena. Wapo wanaotia maji hadi mstarini kwa mara moja. Unga ukishalowa, usawa hushuka, na chupa hubaki na maji pungufu na dawa kali kuliko ilivyoandikwa. Wapo pia wanaopitisha mstari ili dawa "itoshe siku zote". Hiyo hutosha, lakini kila kipimo huwa kimepungua. Mahali penye boksi lenye maelezo ya kiwanda, maelezo hayo ndiyo ya kufuatwa, maana baadhi huja na kikombe cha maji kilichopimwa tayari.

Tarehe ya kuchanganya iandikwe kwenye kibandiko siku hiyo hiyo. Na kabla ya kila kipimo, chupa itikiswe. Dawa hizi hazijayeyuka kama chumvi. Chembe zake huelea na kutuama. Chupa isiyotikiswa humpa mtoto maji matamu siku za kwanza na tope la dawa siku za mwisho.

Kijiko sasa. Kwenye cheti huandikwa mililita 5, na mdomoni husemwa "kijiko kimoja", kisha kila nyumba huchukua kijiko chake. Vijiko vya chai havikutengenezwa kwa kupimia. Kimoja hubeba kama mililita 3, kingine hukaribia 7, na kile kikubwa cha kulia wali ni karibu mara tatu ya kijiko cha kupimia. Hata kijiko cha plastiki kilichokuja na sirapu ya kikohozi si lazima kiwe cha kipimo hicho hicho.

Kifaa kinachofaa ni sirinji ya kunyweshea, ile isiyokuwa na sindano. Iulizwe wakati wa kuchukua dawa. Kemisti wengi wanazo na bei yake ni ndogo. Kofia ndogo ya mbele, kama ipo, itolewe na kutupwa kabla ya kitu chochote, kwa sababu inaweza kuruka hadi kooni mwa mtoto. Dawa huvutwa polepole. Mapovu ya hewa yakiingia, dawa husukumwa irudi chupani na kuvutwa tena. Kipimo husomwa sirinji ikiwa mbele ya macho, pale ukingo wa juu wa mpira unapogusa dawa. Katika sirinji nyingi za mililita 5 kila mstari mdogo ni mililita 0.2. Baada ya kazi, ioshwe kwa maji ya sabuni, isuuzwe, ianikwe. Kila mtoto na sirinji yake.

Kunywesha nako kuna namna. Mtoto akae wima mapajani, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo. Sirinji iingie pembeni, kati ya ufizi na shavu, na dawa itoke kidogo kidogo huku akimeza. Ile desturi ya kumlaza chali, kumbana pua na kumimina ni ya hatari. Dawa hupita njia ya hewa, na mtoto aliyekuwa na kikohozi hupaliwa. Nyanya wengi wataona hilo ni kudekeza, lakini si kudekeza. Mtoto anayekataa anaweza kupewa maji au uji kidogo baada ya dawa kuondoa ladha. Dawa isichanganywe ndani ya chupa nzima ya maziwa wala bakuli la uji, kwa kuwa akiacha nusu hakuna ajuaye ameacha dawa kiasi gani.

Akitapika kabla ya nusu saa kupita, kwa kawaida kipimo hurudiwa mara moja. Nusu saa ikishapita, kingoje kipimo kinachofuata. Akitapika kila anachopewa, huyo si wa kujaribiwa tena nyumbani.

Kuhusu saa, "mara mbili" maana yake ni kama saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. "Mara tatu" ni kama saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Akiamka saa 1 badala ya saa 12 hakuna ubaya. Ubaya ni kutoa vipimo vyote vitatu kati ya asubuhi na jioni ili usiku mtu alale. Kipimo kilichosahaulika hutolewa kinapokumbukwa, isipokuwa wakati wa kinachofuata umekaribia. Viwili havitolewi pamoja kufidia.

Katika nyumba nyingi za kaunti hii mama huondoka alfajiri kwenda sokoni, shambani au kibaruani, na mtoto hubaki na nyanya, shangazi au dada yake. Hapo ndipo dozi hupewa mara mbili au haipewi kabisa, kila mmoja akidhani mwenzake ametoa. Karatasi iliyobandikwa ukutani na alama moja ya kalamu kwa kila kipimo humaliza maneno hayo. Chupa na sirinji vikae mahali pamoja, juu, mbali na mikono ya watoto, maana dawa hizi zina ladha ya matunda na mtoto wa miaka 3 huzinywa kama soda.

Joto la Pwani lina neno lake. Mwezi Februari na Machi nyuzi hupita 30, na chini ya mabati ni zaidi ya hapo. Dawa zilizochanganywa hazifanani. Amoksilini iliyounganishwa na klavulaneti huhitaji friji ikishatiwa maji, na siku 7 zikiisha humwagwa. Amoksilini ya kawaida mara nyingi huvumilia nje ya friji kwa siku 7, ila mahali pasipo na joto. Kibandiko ndicho kinachosema. Chache, kama kotrimoksazoli ambayo wengi huiita Septrin, huja zikiwa maji tayari. Asiye na friji aseme hivyo mbele ya mwandishi wa cheti, mapema, kabla ya kulipa. Pengine kuna dawa nyingine ifaayo. Wengine huhifadhi kwa jirani mwenye friji ya soda, nayo ni njia, mradi chupa iwe na jina la mtoto na isiwekwe penye barafu ikaganda. Mtungi wa maji uliowekwa kivulini unaweza kupoza kidogo chupa isiyodai friji, ikifungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kwa chupa inayodai friji, mtungi hautoshi.

Kwa sababu hizo zote, vituo vya afya hupendelea vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwa kutibu kichomi cha watoto. Havitaki friji, havitaki mstari wa maji, na hesabu yake ni ya vidonge. Kidonge huwekwa kwenye kijiko au kikombe kidogo chenye maji safi kidogo, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, huyeyuka, na mtoto hupewa yote pale pale. Kikombe husuuzwa kwa maji kidogo zaidi na hayo pia hunywewa. Mzazi akipewa vidonge badala ya chupa asidhani amepunjwa. Ila visichanganywe na kapsuli za watu wazima. Kufungua kapsuli ya miligramu 500 na kumwaga "nusu" kwa jicho si kupima, na kapsuli nyingine, kama za tetrasaiklini, huacha madoa ya kudumu kwenye meno ya watoto wa chini ya miaka 8.

Kisha siku. Mtoto huanza kucheza siku ya pili au ya tatu, na chupa husahauliwa dirishani. Homa kushuka maana yake ni kuwa bakteria wamepungua, si kuwa wamekwisha. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba vijidudu vikipewa dawa kidogo isiyotosha kuviua hujifunza kuistahimili. Amoksilini ni ya ukoo huo huo wa penisilini. Siku zilizoandikwa zifuatwe, na anayetaka kuacha mapema amuulize kwanza aliyeandika.

Hesabu ya chupa ifanywe kabla ya kutoka dukani, kwa kuwa hapa wengi huishiwa dawa njiani. Mililita 5 mara tatu kwa siku 7 ni mililita 105. Chupa ya mililita 100 haifiki. Mililita 5 mara tatu kwa siku 5 ni 75, na chupa ndogo ya mililita 60 itaisha siku ya nne. Zikihitajika chupa mbili, ya pili ibaki unga hadi ya kwanza iishe, kwa kuwa ikishatiwa maji siku zake huanza kuhesabiwa. Kinyume chake, mililita 5 mara mbili kwa siku 5 ni 50 tu, na nusu ya chupa ya mililita 100 itabaki. Mabaki hayo si ya mdogo wake, si ya mtoto wa jirani, wala si ya mwezi ujao. Kuku nao wasipewe.

Wakati wa dawa, kinyesi kulainika kidogo si ajabu. Mtoto aendelee kunyonya, kula na kunywa. Lakini akitoka vipele ghafla, akivimba midomo au uso, au akipumua kwa shida baada ya kipimo, dawa isimame na apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo kwa mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiamke vizuri, au ambaye kifua hubonyea ndani chini ya mbavu akivuta pumzi. Dalili hizo hazingojei siku za dawa zitimie. Na hata bila hizo, mtoto mwenye kichomi ambaye siku 2 za dawa zimepita bila nafuu arudishwe kituoni, pamoja na chupa na sirinji, ili mhudumu aone alichokuwa akipewa hasa.

Dawa ikimdhuru mtoto, au ikishukiwa kuwa mbovu, mzazi ana haki ya kuomba kituo kiwasilishe taarifa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Chupa na boksi lake visitupwe kabla ya hapo, kwa kuwa namba ya toleo iliyochapwa juu yake ndiyo inayofuatiliwa. Chupa nyingine zenye mabaki zirudishwe kituo cha afya wakati wa ziara inayofuata. Zisimwagwe kisimani, mtoni wala chooni.

Mwenye swali kuhusu chupa aliyo nayo nyumbani anaweza kuipeleka kwenye zahanati iliyo karibu, au kumwonyesha mhudumu wa afya ya jamii anapopita.